Ushauri: Nimepewa maoni yanayopingana kuhusu skripti yangu ya filamu, nifuate ya nani?

MwandishiWaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nina skripti ya filamu ndefu, kurasa 118, rasimu ya tatu. Kwa kifupi: muuguzi wa zamu ya usiku anagundua kwamba mgonjwa aliyekabidhiwa kumhudumia ndiye dereva aliyemgonga mdogo wake kwa gari na kukimbia. Mdogo huyo hatembei tena. Mgonjwa hawezi kuongea, polisi hawana habari, na funguo za kabati la dawa anazo muuguzi.

Marafiki walioisoma wote wanasema ni nzuri. Nawashukuru, ila "nzuri" hainiambii nibadilishe nini, ndipo nikatafuta watu wa fani. Wa kwanza nilimlipa, akaniletea ripoti ya kurasa mbili: wazo lina nguvu, katikati pamepooza, wahusika hawana kina, na mwisho kabisa uamuzi wake, "hapana". Wa pili ni mwongozaji ninayefahamiana naye. Anasema nimwondoe mdogo mtu kabisa, atajwe tu kwenye mazungumzo. Wa tatu anaandika tamthilia za runinga, na yeye anasema mdogo mtu ndiye mhusika aliyemgusa kuliko wote, aongezewe nafasi.

Sasa nifuate ya nani? Na maoni ya kitaalamu yenye msaada yanapatikanaje? Hadithi hii naipenda na niko tayari kuiandika upya hata yote, ilimradi nijue naelekea wapi. Natanguliza shukrani.

---

JichoLaSkripti

Mkuu, nimewahi kusoma skripti kwa ajili ya kampuni ya utayarishaji, kwa hiyo nianze na hiyo ripoti ya kurasa mbili.

Ripoti za namna hiyo zilianza ofisini, kumsaidia mtayarishaji mwenye rundo la skripti mezani na asiye na muda wa kuzisoma. Ndani yake utakuta hadithi kwa sentensi moja, muhtasari, maoni, jedwali dogo la kupima wazo, msuko, wahusika na mazungumzo, halafu uamuzi wa aina tatu: hapana, ifikiriwe, au inapendekezwa. Msomaji anaongea na bosi wake, wewe mwandishi humo kwenye maongezi yao. Ndiyo maana "wahusika hawana kina" imekuuma na haijakuonyesha pa kushika. Bosi anatosheka na sentensi hiyo. Mwandishi anahitaji kujua ni mhusika gani, ukurasa upi, na msomaji alikuwa anatarajia nini alipofika pale.

Na hiyo "hapana" isikuvunje moyo. Ndilo jibu linalotolewa mara nyingi kuliko mengine yote, hata kwa skripti zenye kitu ndani yake.

Kwa hiyo unapolipa, uliza mapema unanunua nini. Kuna kupimwa na kuna kusaidiwa kuendeleza. The Black List ya Marekani, kwa mfano, ilianza 2005 pale Franklin Leonard alipokusanya orodha ya skripti ambazo hazijatengenezwa lakini watu wa ndani ya fani walizipenda, na tangu 2012 ina tovuti ambako mwandishi yeyote anaweza kulipia usomaji. Msomaji anatoa alama kati ya 1 na 10 na maelezo mafupi. Hiyo ni huduma ya kupimwa. Inafaa ukiwa umemaliza na unataka kujua kama skripti iko tayari kutoka nje. Wewe uko rasimu ya tatu na bado unatafuta njia, kwa hiyo tafuta mtu atakayekuandikia maelezo ya kuendeleza, yenye namba za kurasa, na atakayekubali kuongea nawe baada ya kuyaandika. Hayo maongezi yana faida kuliko maandishi yenyewe, kwa sababu ndipo unapoweza kumuuliza "ulihisi nini hapo?"

---

BintiWino

Naunga mkono aliyesema juu. Niongeze kwamba maoni mengi mabovu yanatokana na swali bovu. Ukimwuliza mtu "unaionaje?" atakupa hukumu. Mwulize kilichomtokea wakati anasoma: ni wapi alitamani kuiweka chini, ni wapi alirudi nyuma kusoma tena kwa sababu hakuelewa, alidhani muuguzi anataka nini ukurasa wa 30, na alipofika ukurasa wa 60 bado alidhani hivyo hivyo?

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Nisimulie hadithi hii kwa maneno yako bila kufungua skripti." Kisha nyamaza kabisa. Atakachoruka hakikumshika. Atakachokosea, hukukiandika wazi, hata kama kichwani mwako kinawaka taa. Na akianza kusimulia kuanzia katikati ya skripti yako, basi huenda hadithi inaanzia hapo.

Ila maswali yote yaje baada ya kusoma. Ukimwambia mapema "angalia katikati, nahisi pamepooza", ataona kupooza hata kusikokuwepo.

---

MzeeWaRasimu

Kijana, nataka nikujibu hilo la maoni kupingana, maana wengi wanakwama hapo na kuishia kuchagua maoni yanayowafurahisha.

Msomaji akikuambia kuna mahali hapamkai sawa, mwamini. Akikuambia dawa yake, sikiliza kwa heshima, andika pembeni, usikimbilie kuitumia. Hao wawili wa mwisho wamekupa dawa mbili tofauti, mmoja anasema mwondoe, mwingine anasema mwongeze. Ukitazama dawa, wanapingana. Ukitazama ugonjwa, wote wawili mkono wao umetua kwa mdogo mtu. Maana yake hapo alipo sasa hakai vizuri: ana nguvu ya kuvuta macho ya msomaji, lakini hana kazi kwenye hadithi. Na msomaji wa kwanza anasema katikati pamepooza. Mimi nashuku haya matatu ni jambo moja.

Nijibu swali moja kabla sijaendelea. Muuguzi anagundua mgonjwa ni nani ukurasa wa ngapi?

---

MwandishiWaUsiku

Shikamoo mzee. Nimefungua sasa hivi nikaangalia. Ukurasa wa 47. Kabla ya hapo tunaona maisha yake ya nyumbani akimhudumia mdogo wake, na zamu zake kazini.

---

MzeeWaRasimu

Marahaba.

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri, kwa herufi za Courier ukubwa wa 12, tunaukadiria kuwa dakika moja hivi kwenye skrini. Sasa jiweke kwenye kiti cha mtazamaji. Amevutwa na kile ulichotuambia hapa juu: muuguzi, mgonjwa asiyeongea, funguo za dawa. Anasubiri dakika 47 ndipo hadithi aliyoijia inaanza. Skripti nyingi za urefu wako huwa zimeshamtia mhusika mkuu mtegoni kati ya ukurasa wa 25 na wa 30. Hiyo si sheria, na zipo filamu nzuri zinazochelewa, lakini anayechelewa lazima ampe mtazamaji kitu kingine cha kumshika mkono wakati anasubiri.

Na angalia kinachofuata. Ugunduzi ukichelewa hivyo, katikati yako inabaki nyembamba, muuguzi hapati nafasi ya kujaribu hili likashindikana, akajaribu lile likamrudi. Anagundua, anateseka moyoni, mara mwisho umefika. Msomaji haoni akichagua chochote, kwa hiyo anaandika "wahusika hawana kina". Mhusika tunamjua kwa anachochagua akiwa amebanwa, na wewe umemnyima huo muda wa kubanwa.

Msomaji hulalamikia pale anapoumia. Chanzo mara nyingi kiko kurasa nyingi nyuma. Ukienda kutia mbwembwe ukurasa wa 60 kwa sababu "katikati pamepooza", utakuwa umeharibu ukurasa wa 60 na tatizo liko palepale.

---

Kipaza

Mzee, kwa heshima, mimi sikubaliani sana na kuhamisha ugunduzi. Zile kurasa 47 za mwanzo zinaweza kuwa ndiyo roho ya filamu, tunapomwona anavyomnyanyua mdogo wake kitandani, anavyochoka, anavyomkasirikia kisha anajuta. Ukikata hizo, chuki yake kwa mgonjwa itakuwa ya maneno tu. Pengine kinachokosekana ni yeye kutaka kitu tangu ukurasa wa 5, kwa mfano awe anamtafuta huyo dereva kwa nguvu zote, ili ugunduzi uwe jibu la swali tulilolibeba naye.

Kuhusu maoni ya kitaalamu: mwandishi, usiwasahau waigizaji. Wakusanye wachache, wasome skripti yote kwa sauti wamekaa mezani, na mtu mmoja asome maelezo ya vitendo. Wewe usisome sehemu yoyote. Rekodi sauti. Kwa kurasa 118 tenga saa mbili na zaidi, na mapumziko kidogo. Sikiliza mwigizaji anapojikwaa kwenye sentensi, maana ulimi wa binadamu haukuandikiwa sentensi hiyo. Sikiliza watu wanapoanza kugeuzageuza karatasi. Kisha mwulize anayesoma nafasi ya muuguzi: "Katika onyesho hili ulikuwa unataka nini?" Akisema hajui, hakuna msomaji wa kulipwa atakayekuambia ukweli mkubwa kuliko huo.

Tahadhari moja. Mwigizaji hodari sana anaweza kufunika udhaifu, akaipa uhai sentensi iliyokufa. Kwa hiyo baada ya siku chache sikiliza rekodi ukiwa na skripti mkononi, ujiulize: hiki kilichonigusa kiko kwenye karatasi, au kiko kwenye koo lake?

---

MzeeWaRasimu

Kipaza umesema kweli, na hata hilo la kumtafuta dereva linaponya ugonjwa uleule kwa njia nyingine. Ajaribu zote mbili kwenye muhtasari wa kurasa mbili tatu kabla hajagusa skripti. Muhtasari ni rahisi kuubomoa.

---

Hakiki_Kwanza

Kwa upande wa usalama, ndugu mwandishi, maana kuna watu wanaishi kwa kiu ya waandishi.

Mkimbie msomaji anayekuahidi kwamba atafikisha skripti yako kwa mtayarishaji mkubwa ukilipa. Mkimbie pia yule anayekukosoa halafu ukurasa wa mwisho anajitolea kukuandikia upya kwa malipo makubwa zaidi, kwa sababu huyo ana faida ukiwa mbovu. Kabla ya kulipa omba mfano wa ripoti aliyowahi kuandika, majina yakiwa yamefutwa. Usome uone kama anataja kurasa na matukio, au kama sentensi zake zingeweza kubandikwa kwenye skripti yoyote ile. Mwulize pia anapenda kusoma nini. Mtu aliyezama kwenye vichekesho anaweza kukushauri vibaya kwa nia njema kabisa.

Na awe anaielewa vizuri lugha ambayo wahusika wako wanaongea. Msuko unaweza kupimwa kupitia tafsiri. Mazungumzo hayapimiki hivyo.

Wengi huogopa kuibiwa hadi hawaonyeshi kazi kwa mtu. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani zimo, hakimiliki inazaliwa pale kazi inapoandikwa, bila kusubiri usajili. Hata hivyo inalinda jinsi ulivyoandika. Wazo tupu la muuguzi na adui yake halina mwenyewe. Hifadhi rasimu zako zikiwa na tarehe, tuma kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu ya nani alipokea lini, na sajili kama nchi yako ina utaratibu huo. Ukishafanya hayo, tuma bila hofu.

---

MwandishiWaUsiku

Nimesoma yote mara mbili. Hakuna aliyewahi kuniuliza ukurasa wa ngapi, na hilo peke yake limenifungua. Naenda na muhtasari wa aina mbili, wa mzee na wa Kipaza, halafu niwaite waigizaji.

Swali la mwisho: kuna mhariri wa skripti nimempata, ripoti yake ya mfano ina namba za kurasa na anatoa saa moja ya maongezi. Nimpe rasimu hii ya sasa au nisubiri mpya? Na nimweleze maoni niliyokwisha kupata?

---

JichoLaSkripti

Subiri mpya, tena iwe umeshaisikia kwa waigizaji. Kila msomaji ana usomaji wa kwanza mmoja tu, na akishaijua hadithi hawezi tena kukuambia alishtuka wapi. Usiutumie kwa rasimu ambayo wewe mwenyewe unajua utaibomoa. Kwa sababu hiyohiyo usiwatumie watu wote kwa pamoja. Waweke wawili akiba kwa rasimu ijayo.

Maoni ya zamani usimwambie, wala usimwambie ulichobadilisha. Mtumie skripti kwa PDF, na barua fupi yenye mambo mawili: ni rasimu ya ngapi, na unataka mtazamaji atoke akiwa amebeba hisia gani. La pili ni muhimu, kwa sababu bila hilo anaweza kukusaidia kuandika filamu ya kulipiza kisasi wakati wewe unaandika filamu ya msamaha.

Kwenye hiyo saa moja, dakika 40 za mwanzo usijitetee. Ukisikia mdomo unataka kusema "lakini ukurasa wa 12 nimeeleza", andika kwenye daftari: ukurasa wa 12, haikusomeka. Dakika zinazobaki mpelekee maswali ya BintiWino.

---

BintiWino

Na hilo la kumwomba akusimulie hadithi, lianze kabla hajafungua ripoti yake. Akishaanza kusoma alichoandika, hutapata tena alichokumbuka.