Hivi Führer ni jina au cheo?

Kayabo: Wakuu jana kibanda umiza huku Igoma wameweka ile filamu ya mchekeshaji Chaplin, The Great Dictator, dikteta anachezea puto la dunia mpaka linampasukia usoni, tumecheka balaa. Sasa mbona wanamwita Hynkel? Na Führer ndo nini?

Mzee wa Kirumba: Cheo hicho, Kijerumani maana yake kiongozi tu. Hitler 1933 alikuwa kansela, Agosti 1934 rais Hindenburg kafariki jamaa akabeba vyeo vyote viwili, ndo akawa Führer.

Dagaa Mchele: Hynkel ni kumkejeli Hitler tu, na cheo wakakigeuza "Phooey", yani kama sisi tunavyosema nyooo 😂 Filamu ya 1940 hiyo, vita imeshaanza! Halafu Chaplin na Hitler wamepishana siku 4 kuzaliwa, Aprili 1889.

Kayabo: Ndo maana masharubu pacha!