Naomba ushauri: kikundi chetu cha maigizo Ujiji kimekua, tusajili wapi?

Habarini wakuu. Tuna kikundi cha maigizo cha vijana hapa Ujiji, Kigoma. Kilianza na watoto wa mtaa mmoja, sasa wanatoka hadi Gungu na Mwanga, na tukiigiza jioni mwaloni Kibirizi watu wanajaa kama mechi ya Simba na Yanga. Hatutozi kiingilio. Nauli na maleba tunachangishana.

Sasa tumegawanyika. Wengine wanataka tusajiliwe kama NGO, kwa Sheria Na. 24 ya 2002, ili tuombe ufadhili. Wengine wanasema sisi ni wasanii, BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) inatosha. Kuna na kundi la tatu, hawa ndio wananiumiza kichwa: wanataka mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi. Hauna riba, sawa, lakini ni mkopo! Mchezo wa bure kuhusu mimba za utotoni utarejesha nini?

Mimi naegemea NGO ngazi ya wilaya. Hofu yangu ni ada ya kila mwaka na taarifa za fedha, maana mweka hazina wetu ni binti wa kidato cha nne (hodari kweli, ila Novemba ana mtihani).

Mliopita njia hii, hasa wa Kasulu na Tabora: mlianza na usajili upi? Na wanachama walio chini ya miaka 18 mliwawekaje kwenye katiba? Sampuli ya katiba pia naipokea.