Programu yangu ina maktaba ya GPL ndani, mteja anataka kuinunua bila msimbo kuonekana. Nifanyeje?

Kihisi

Wakuu, salaam. Nina programu niliyoiandika kwa C. Inasoma mtetemo wa mashine kupitia vihisi, inauchambua kwa frikwensi, na inatoa onyo beringi ikianza kuchoka. Nimeiandika kwa muda wangu na kwa kompyuta yangu, hakuna mwajiri mwenye mkono humo. Sasa amejitokeza mteja anataka kuinunua, na sharti lake ni moja: washindani wake wasiuone msimbo.

Tatizo ni vilivyomo ndani. Uchambuzi wa Fourier unafanywa na FFTW, maktaba iliyo chini ya GPL, leseni ya programu huria. Grafu zinachorwa na maktaba ndogo yenye leseni ya MIT. Kichujio cha kelele nilikichukua kwenye repo (hifadhi ya msimbo) moja ya GitHub ambayo haina leseni yoyote, kwa hiyo hicho nadhani hakina shida. Je, ni kweli GPL itanilazimisha kuumwaga msimbo wote hadharani?

Swali la pembeni: saa ya programu inanichanganya. Kila sampuli naongeza sekunde 0.1 kwenye kigezo cha float (namba ya desimali ya biti 32). Saa za mwanzo inachelewa kidogo, kisha ikikesha inakimbia mbele, asubuhi naikuta imetangulia kwa dakika kadhaa. Nikijumlisha 0.1 mara kumi napata 1.0000001. Kompaila ndiyo mbovu?

Jongoo

GPL hairuhusu kuuza mkuu. Badilisha majina ya vigezo, panga upya mistari, ikishafika nusu ni mali yako. Na hata usipobadilisha, nani atakushitaki kwa leseni ya bure?

Nuktamkato

Jongoo, hapo hakuna sentensi iliyosalimika.

Kuuza kunaruhusiwa. Stallman mwenyewe, mwandishi wa GPL, mwaka 1985 alikuwa akiuza kanda za Emacs, kihariri chake cha maandishi, kwa dola 150, na GPL ya leo inasema waziwazi kwamba unaweza kutoza bei yoyote kwa nakala. Habari ya "nusu" haipo katika sheria yoyote. Kazi iliyotokana na kazi ya mtu inabaki hivyo hata ukibadilisha kila jina. Kuhusu kushitakiwa, tafuta kesi ya Jacobsen na Katzer. Ilihusu programu ya kuendeshea treni za kuchezea, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilisema masharti ya leseni huria yanalindwa na sheria ya hakimiliki. Treni za kuchezea, ndugu yangu, na bado watu walifika mahakama ya rufaa.

BiSumaku

Kihisi, turudi kwenye swali lako, maana jibu lina unafuu usioutegemea.

GPL haikuambii uutangaze msimbo kwa dunia. Wajibu unaanza pale unapomkabidhi mtu nakala, na unamhusu huyo aliyeipokea. Ukimuuzia mteja programu yenye FFTW ndani, basi yeye anapaswa kupata msimbo wa programu nzima, ukiwemo ulioandika wewe, na anaupata chini ya GPL. Njia rahisi ni kuuweka kwenye furushi lilelile la programu. Usichague ile njia ya kutoa ahadi ya maandishi: katika toleo la 2 la mwaka 1991 ahadi hiyo inadumu angalau miaka mitatu na inamhusu mtu yeyote atakayekuja kuuomba.

Baada ya hapo mteja akiitumia ndani ya shughuli zake tu, halazimiki kumwonyesha mtu yeyote hata mstari mmoja. Kwa hiyo hofu yake ya washindani inaweza kuwa imeshajibiwa. Anayepaswa kuwa na hofu ni wewe! Huwezi kumzuia asiigawe au kuiuza kwa mwingine, na mkataba wa kumfunga mdomo kuhusu msimbo huo utagongana na leseni yenyewe. Ukipanga kuiuza kwa wateja kumi baadaye, mteja wa kwanza anaweza kisheria kuwapa wote tisa bure.

Kama hilo linakukera, iondoe FFTW. KISS FFT na pocketfft zote ziko chini ya leseni ya BSD, zinakuruhusu kufunga msimbo wako ili mradi ubakishe tangazo lao la hakimiliki. NumPy yenyewe, maktaba maarufu ya hesabu ya Python, inatumia pocketfft, kwa hiyo si vitu vya majaribio. Au nunua leseni ya kibiashara ya FFTW. Chuo cha MIT kinaiuza kwa watu wa aina yako hasa. (Usichanganye chuo hicho na leseni ya MIT ya maktaba yako ya grafu, ambayo inadai tu tangazo lake na maneno ya leseni viambatane na programu. Faili la maandishi linatosha, au dirisha la "Kuhusu".)

Kihisi

Dada BiSumaku, asante sana. Nikiiweka kwenye seva yangu, mteja akaitumia kwa kivinjari tu, si nitakuwa nimekwepa yote?

BiSumaku

Kwa GPL ya kawaida, ndiyo. Hujamkabidhi nakala, kwa hiyo wajibu haujaanza. AGPL ya mwaka 2007, ndugu ya GPL kwa programu za seva, iliandikwa kuziba mwanya huohuo, lakini FFTW haiko chini yake. Sema kwa kazi yako sioni faida: vihisi viko kwa mteja, data ni nyingi, na mtandao ukikatika beringi haitasubiri.

Mzee wa Terminali

Wanangu, mmehangaika na GPL mkaruka bomu lenyewe. Kihisi anasema kichujio hakina leseni "kwa hiyo hakina shida". Ni kinyume kabisa. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao asili yake ni mwaka 1886, hakimiliki inazaliwa pale kazi inapoandikwa, bila usajili wala alama yoyote. Bila leseni maana yake hakuna ruhusa. Masharti ya GitHub yanawapa watumiaji wengine haki ya kuitazama repo ya wazi na kuinakili humohumo GitHub, basi. Kuiingiza kwenye bidhaa yako hayasemi.

GPL ina masharti unayoweza kuyatimiza. Hicho kichujio hakina hata sharti la kutimiza, maana hakuna aliyekuruhusu chochote.

Mwandikie mwenyewe, kwa adabu, umwombe aongeze faili la leseni kwenye repo. Wengi huwa wamesahau tu. Jibu la "poa, tumia" kwenye ujumbe ni afadhali kuliko kimya, lakini faili ni bora zaidi, kwa sababu mteja wako siku moja atataka kuliona. Asipojibu, kitupe. Hesabu ya kichujio si mali ya mtu, iko kwenye kila kitabu cha uchakataji wa mawimbi. Kinacholindwa ni namna yeye alivyoiandika. Fungua kitabu, funga repo yake, andika chako. Kukitafsiri chake mstari kwa mstari kwenda lugha nyingine ya programu hakukusaidii.

Nuktamkato

Saa sasa, naona mmeiacha. Kompaila ni nzima. Sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa binari, kama theluthi isivyoandikika kwa desimali, na float ina biti 24 tu za tarakimu. Jumla ikikua, nafasi kati ya namba moja na inayofuata inapanuka. Ikipita sekunde 32768, yaani baada ya saa tisa na ushei, nafasi hiyo ni 0.00390625. Ile 0.1 yako inazungushwa (inasogezwa kwenye hatua nzima iliyo karibu) hadi hatua 26 za ukubwa huo, ambazo ni 0.1015625. Unazidisha takribani sekunde 56 kila saa. Kabla ya hapo, kuanzia sekunde 8192, mzunguko unaangukia chini, kila hatua inakuwa 0.0996 hivi, ndiyo maana uliona inachelewa kwanza.

Usijumlishe muda. Hesabu sampuli kwa namba kamili, kisha ugawe kwa 10 unapotaka kuonyesha sekunde. Si jambo dogo: mwaka 1991 kombora la kujikinga la Patriot kule Dhahran, Saudi Arabia, lilishindwa kuzuia shambulio kwa sababu ya hiyohiyo 0.1 iliyokatwa kwenye biti 24. Mtambo ulikuwa umewaka saa 100, saa yake ikakosea kwa theluthi ya sekunde, wakafa askari 28.

Jongoo

Nimekubali yaishe. Ila hiyo ya treni za kuchezea bado nacheka.

Kihisi

Mrejesho. Saa imenyooka. Mwenye kichujio amejibu na ameweka leseni ya MIT kwenye repo, Mzee nakushukuru. FFTW nimeitoa, nimeweka KISS FFT. Ila matokeo hayalingani na ya zamani: tarakimu sita za mwanzo ni zilezile, kuanzia ya saba yanaachana. Nimevunja kitu?

Nuktamkato

Hujavunja. KISS FFT isipoambiwa vinginevyo inatumia float, na float inaishia kwenye tarakimu saba hivi. FFTW bila shaka ulikuwa unaiita kwa double, yaani namba za biti 64. Kompaili upya na `-Dkiss_fft_scalar=double`, programu yako na maktaba vyote viwili, la sivyo vitasoma kumbukumbu kwa vipimo tofauti na utapata takataka. Hata hapo tarakimu za mwisho kabisa zitatofautiana, kwa sababu kila maktaba inajumlisha kwa mpangilio wake na mpangilio hubadilisha mzunguko. Linganisha kwa kiwango cha uvumilivu, sehemu moja ya bilioni hivi ya kilele kikubwa. Ikizidi hapo, weka data hapa tuitazame.