Nyumba ya mawe kwenye hadithi, nifanye nini isiwe pambo tu?

mtunzi_wa_Malindi
Asalaam aleikum wadau, hasa nyie wa Amu (Lamu) naomba mnisaidie. Naandika hadithi fupi, kuna msichana anaitwa Zuhura, kakulia Mombasa kwenye fleti, bibi yake kafariki kamwachia nyumba ya mawe hapo Mkomani, mtaa wa mji mkongwe wa Lamu, na yeye anakwenda akiwa na nia moja tu, auze arudi zake. Mwisho nataka awe amejijua yeye ni nani, si lazima abaki Lamu. Sasa nikampa mwalimu wangu wa zamani asome, akanambia nyumba umeipamba lakini haina kazi, ukiitoa ukaweka hoteli hadithi inabaki vilevile. Imeniuma bana. Ukurasa mzima nimeandika mlango wa kuchonga, zidaka (vile vishubaka vya ukutani), boriti, harufu ya udi, mpaka paka nimeweka!! Nikafikiria kuhamisha yote nipeleke Gede, magofu yako hapa karibu na msitu wenyewe unatisha, lakini naona ni njia rahisi mno, gofu hata mtoto anajua litamaanisha nini.
Yaani swali langu ni hili, mnafanyaje jengo lionyeshe mtu anavyojigundua, bila mhusika kusimama mbele ya ukuta akasema sasa nimejitambua?

bi_wa_mkomani
Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza acha mlango. Kila anayeandika Lamu anaanza na mlango manake ndo kitu watalii wanapiga picha. Nyumba zetu hazikujengwa zitazamwe na wapita njia, kwa nje ni ukuta mtupu, zimejengwa kupanga nani afike wapi. Hapo nje kuna daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, na baraza zake huku na huku, mtu yeyote akichoka anakaa, hata asiyejulikana. Ukipita mlango uko tekani, ndo njia ya kuingilia, na imepindishwa kusudi aliye nje asione kiwandani, yaani uani. Afu kiwanda chenyewe, afu kumbi mbili ndefu nyembamba, msana wa tini na msana wa yuu, kila ukiingia unapanda kidogo, sakafu haiko sawa. Afu chumba tunachokiita ndani, huko ndo kwenye zidaka. Mwisho kabisa nyumba kati, giza, haina dirisha, wazee walitwambia huko ndiko watu walikozaliwa na huko ndiko walikooshwa wakifa. Mgeni mwanamume safari yote hiyo haimhusu, yeye anawekwa sabule, chumba cha wageni.
Sasa huyo Zuhura wako anaingia siku ya kwanza anazunguka kote kote kama kalipa tiketi. Nani kamruhusu? Weka shangazi humo ndani aliyeishi na marehemu. Zuhura akifika shangazi ampokee vizuri kabisa, amkumbatie, amuulize safari, halafu amtandikie kitanda sabule. Basi. Hakuna tusi lililosemwa na sahani ya mkate wa sinia imeletwa, lakini msichana mwenye karatasi ya nyumba kalazwa chumba cha wageni. Msomaji wa pwani atashtuka, asiyejua mwache agundue polepole pamoja na Zuhura. Kuanzia hapo wewe kazi yako ni kuhesabu vizingiti, kila akivuka kimoja iwe kuna jambo lililomvusha, si udadisi.

kijana_langoni
Bi shikamoo, umeeleza vizuri lakini mimi nina neno. Sisi tuliokulia nyumba za makuti hizo nyumba za mawe tumezijua kwa kupeleka maji na samaki, na tuliishia dakani. Kila hadithi ya Lamu mhusika "anarudi kwenye asili yake" na asili yake kila siku ni ya waungwana, sijawahi kuona anayerudi akakuta bibi yake alikuwa mtumishi humo. Hizo kuta za mawe na hizo boriti zilibebwa na watu, na wengi walikuwa watumwa, majina yao hayako popote. Kwahiyo mtunzi, kabla hujampeleka Zuhura mpaka nyumba kati jiulize bibi aliingiaje hiyo nyumba. Kama aliingia kama yaya wa watoto basi ramani ya Bi inageuka, manake mtumishi wa kike anafika ndani kabisa kila siku, anawaogesha watoto wa watu, anamjua kila mtu siri zake, na bado hapamiliki. Kufika ndani si sawa na kuwa mwenyewe. Hapo mimi ningesoma mpaka mwisho.

mwalimu_mstaafu
Kijana kanigusa. Niongeze kidogo tu kwa upande wa vitabu. Angalia Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna kafungiwa nyumbani na babake Maksuudi, mpaka anatoroka. Ile nyumba ina kazi, inafunga. Au Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya 1847, Jane anahama nyumba baada ya nyumba, utotoni kafungiwa chumba chekundu kama adhabu, akiwa mkubwa anafika Thornfield ambako kumbe kuna mke wa mtu kafichwa juu, na nyumba hiyo inakuja kuungua. Inafunga, inaficha, inaungua. Chukua hadithi yako upigie mstari kila kitu ambacho nyumba imekifanya kwa Zuhura. Kama vitenzi vyote ni "ilikuwa na", mwalimu wako hakukuonea.
Na magofu usiyadharau hivo. Inkishafi, ule utenzi wa zamani, inaongea na moyo, moyo ujitazame, halafu ndo inaupeleka Pate kwenye majumba ya matajiri yaliyobaki matupu. Inauma kwa sababu mshairi ametuonyesha taa na karamu zilizokuwamo. Gofu bila karamu ni mawe tu.

fundi_chokaa
Mimi si mtu wa vitabu lakini nyumba nazijua. Kama anataka kuuza haraka basi atataka kupaka, na hapo ndo atajulikana. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu kutoka chini na chumvi, ukipiga plasta ya chokaa ukuta unapumua unyevu unatoka. Ukipiga saruji kwasababu ni rahisi na inakauka upesi, unyevu unafungiwa ndani, baadae plasta inavimba inapasuka inaanguka vipande vipande, nimebandua mwenyewe nikakuta nyuma yake ukuta umeloa unamomonyoka ukiugusa kwa kidole. Zuhura amlete fundi wa saruji, shangazi anyamaze tu amuangalie. Na tafadhali usije ukaandika kavunja kuta akafanya sebule pana kama za Nyali kule Mombasa, vyumba ni vyembamba manake boriti ya mkoko ni kama mita 3 hivi, ukivunja ukuta unalala na dari kichwani.

mtunzi_wa_Malindi
Jamani mmenimaliza, sabule naichukua na saruji pia naichukua, Bi shukran sana. Kijana, bibi kuwa yaya ni wazo zuri lakini sasa amepataje nyumba mpaka amwachie mjukuu?

kijana_langoni
Hilo ni lako wewe mtunzi 😂 labda alipewa hiba, yaani zawadi, labda aliolewa na mwenye nyumba na watu hawakupenda.

bi_wa_mkomani
Na hiyo "kamwachia" itazame tena mwanangu. Kama shangazi ni binti wa marehemu basi kisheria ya mirathi ana fungu lake, mjukuu hawezi kuja kuuza kana kwamba shangazi hayupo. Labda marehemu alimpa hiba akiwa hai, na hapo utahitaji mashahidi. Au, na hii ndo ningeifanya mimi, iwe wakfu kwa ajili ya mabinti wa ukoo. Zamani baba mwenye uwezo alimjengea binti nyumba, au akaongeza ghorofa juu ya yake, nyumba ikawa yafuata wanawake. Wakfu hauuzwi. Zuhura aje na dalali, afungue sanduku la marehemu kutafuta hati, akute karatasi ya kadhi, na jina lake yeye mwisho wa orodha ya wanawake asiowajua hata mmoja.

mtunzi_wa_Malindi
Na jina la yaya liwemo kwenye hiyo orodha?

kijana_langoni
Hapo sasa ndo umeanza kuandika. Liwe la kwanza.