Pete za vitunguu za kukaanga: wewe unafanyaje zibaki kavu? Tupeane uzoefu

Mlaji wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Zile pete za vitunguu za kwenye mikahawa ya baga na chipsi zimenishinda bei. Sahani ina pete za kuhesabu, zinanywea kabla hujamaliza soda, na hela yake inatosha kilo nzima ya vitunguu sokoni na unga juu. Sasa nazipika nyumbani. Adui ni maji tu: karibu asilimia 89 ya kitunguu ni maji, na yakipata moto yanageuka mvuke. Mvuke ukipata njia, ganda la unga linakauka. Ukibanwa ndani, ganda linalegea na kubanduka lote ukiuma mara ya kwanza. Mwenye dawa yake aimwage hapa, na ataje jiko analotumia, maana maelekezo ya mwenye gesi yanamuunguzia mwenye mkaa.

Mama Ngarenaro
Mimi naanzia sokoni. Huku kwetu Arusha vingi ni vyekundu vya Mang'ola, na vinafaa kabisa, mtu asikutishe kwamba lazima viwe vyeupe vya supamaketi. Chagua kikubwa, kigumu, shingo imekauka. Kikibonyea shingoni au kimeanza kuchipua, hicho ni cha mchuzi. Kata duara za sentimita moja hivi.

Halafu ndiyo inakuja kazi yenyewe. Tenganisha pete na uangalie upande wa ndani wa kila moja. Kuna utando mwembamba, unang'aa na kuteleza kama nailoni. Unyanyue kwa ncha ya kisu, shika, vuta taratibu, unatoka mzunguko mzima. Unga haushiki juu ya utando ule, ndiyo maana watu wakiuma kitunguu kinachomoka na ganda tupu linabaki mkononi. Inachosha, siwafichi. Vipete vya katikati sihangaiki navyo, naviweka kwenye kachumbari.

Kijana wa Geto
Yaani nibandue utando wa kila pete? Mama, mimi nina njaa.

Mama Ngarenaro
Ziloweke kwenye maji ya baridi sana nusu saa, mwanangu, unalegea. Ila ukizitoa zikaushe kwa taulo safi mpaka zisilowanishe kidole, la sivyo umejiongezea maji yale yale unayoyakimbia.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Jamani, sisi Unguja bajia tumezikuta jikoni kwa bibi zetu. Unga wa dengu, bizari kidogo, pilipili, basi. Dengu inashika na inakauka vizuri, lakini ladha yake inatawala. Anayetaka za mkahawani achanganye kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha unga wa mchele na kijiko cha chai cha baking pauda. Maji yawe ya soda, yale yasiyo na sukari, yametoka kwenye friji sasa hivi. Mapovu yake yanalifanya ganda liwe jepesi, na ubaridi unauzuia unga wa ngano usivute. Koroga kwa uma, mabuje madogo yakibaki yaacheni. Mkono uliozoea kukanda chapati ndio unaoharibu hapa, unataka kukoroga mpaka rojo lilainike.

Uzito wake: chovya kijiko, rojo lifunike mgongo wa kijiko na lidondoke polepole. Na kila pete ipitishwe kwanza kwenye unga mkavu, ikung'utwe, ndipo ichovywe.

Fundi Mkaa, Singida
Mkaa unawezekana, ila usiwe na haraka. Subiri moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, tumia karai zito. Sina kipimajoto. Nachovya mpini mkavu wa mwiko wa mti, mapovu madogo yakiuzunguka haraka haraka naanza. Wenye kipimo wanalenga nyuzi 180. Moto ukizidi, punguza mkaa kwa koleo. Pete nne au tano kwa mkupuo zinatosha, ukijaza karai mafuta yanapoa na ganda linayanywa.

Na hili nalisema nikiwa Singida kwenyewe: mafuta ya alizeti ya kukamua mtaani, yasiyosafishwa, msiyalete kwenye kazi hii. Kwenye mboga ni matamu, lakini yanatoa moshi mapema na yanafura povu. Tumia yaliyosafishwa.

Shoga wa Muscat
Ramadhani natumia ea fraya, sitaki kusimama mbele ya karai na mimi nimefunga. Rojo la maji humo halifai, linachuruzika kabla halijashika. Unga mkavu, yai, kisha chenga za mkate mkavu, uzibonyeze zishike, upulizie mafuta kidogo. Nyuzi 200, dakika kama 10, geuza katikati. Zinakauka, lakini tusidanganyane, za kwenye karai haziguswi.

Muuza Chipsi
Wengi mnakaanga vizuri halafu mnauharibu mzigo mwishoni. Gazeti! Ukizilaza juu ya gazeti mvuke unakwama chini na upande ule unalowa, achilia mbali wino. Ziwekwe juu ya waya, zisilaliane. Chumvi nyunyiza zikitoka tu kwenye mafuta, ndipo inashika. Ukiitia kwenye kitunguu kibichi inavuta maji nje.

Za biashara nakaanga mara mbili. Kwanza nazitoa zikiwa bado nyeupenyeupe, mteja akifika nazirudisha dakika moja kwenye mafuta ya moto zaidi. Akitaka nimfungie kwenye foili namuuliza, unakwenda mbali? Foili na hotipoti zinazilegeza papo hapo. Mpe mfuko wa khaki, mdomo wazi.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Hapo kwenye hotipoti umenena. Lakini mwambie mama mkwe wangu asifunike chakula uone.

Mlaji wa Tabata
Hahaha. Na rojo likibaki?

Kijana wa Geto
Chovya bilinganya, mkuu, usimwage. Halafu mama, leo nimefanya majaribio: nusu nimebandua utando, nusu nimeacha. Zenye utando zimevuliwa nguo zote. Swali kwa wazoefu: sina karai, sufuria inafaa?

Fundi Mkaa, Singida
Inafaa, iwe na kina, na mafuta yasipite nusu. Rojo la baridi likiingia, mafuta yanapanda.