Chozi dume mbona anang'aa vile? Naomba ushauri wa kujibu wageni

Assalaam aleikum wanajamvi. Natembeza wageni msitu wa Ngezi, Pemba. Wengi wanamfuata chozi wa Pemba, ndege wa kisiwa chetu tu. Dume akipigwa na jua anawaka kijani na zambarau, jike kijivu tu. Juzi mgeni akanibana: mwewe si anamuona kirahisi huyu? Mbona rangi haikufutika vizazi vyote hivi? Nikamwambia majike ndio wanaoipenda. Mwenzangu kazini hakupendezwa, anasema ndege hajui uzuri na nitatuaibisha. Niendelee kusema hivyo au niache?

MwanaWete: Endelea, tena bila wasiwasi. Darwin alilieleza hilo mwaka 1871. Wallace, mwanasayansi mwenzake, akalikataa, hakuamini kwamba jike la ndege lina jicho la kuchagua. Kilichonikata kiu mimi ni jaribio la Malte Andersson, Mswidi, lililofanyika hapo Kenya na kuchapishwa 1982. Kuna ndege weusi wa nyanda za juu, dume mkia karibu nusu mita. Aliwapunguza mkia baadhi yao, wengine akawabandikia vipande kwa gundi. Ndege walewale, kilichobadilika mkia tu. Waliorefushiwa ndio waliopata majike wengi wa kutaga kwenye maeneo yao.

Sheikh_Mkoani: Mola ndiye aliyewapamba. Mimi naishia hapo.

MaalimMstaafu: Sheikh, hilo hatubishani. Ila kijana anaulizwa namna, lazima aeleze.

Ndugu, usiwape wageni picha kwamba uzuri unaamua kila kitu. Trinidad wapo samaki wadogo wa mitoni, gapi. Penye maadui wengi madume wamefifia, penye maadui wachache wana madoa ya kila rangi. Jike anaivuta rangi huku, adui anaivuta kule. Wataalamu wanapogombana hasa ni kwa nini jike apende. Wako wanaosema rangi ni ushahidi wa afya, mwenye vimelea hang'ai. Wengine wanamfuata Fisher, mtaalamu wa Kiingereza wa mambo ya urithi: watoto wa kiume wanarithi pambo, wa kike wanarithi kulipenda, basi linazidi kukua hata likiwa halina faida nyingine. Kwa mikia iliyopita kiasi, mimi naelemea kwa Fisher.

Muulizaji: Shukran maalim. Na ninga wetu, mbona dume na jike wanafanana?

MaalimMstaafu: Jamii ya njiwa, baba na mama wote wanalisha makinda kwa maziwa ya kooni. Dume mwenye mzigo huo naye anachagua. Kwa chozi, kuatamia ni kazi ya jike.

MwanaWete: Ukitaka waone wenyewe, wapeleke mikokoni maji yakitoka. Wapo kaa wadogo, dume ana gando moja kubwa kuliko jengine, analipunga kutwa. Jike anawapita madume kadhaa ndipo anaingia shimo la mmoja. Wachutame mbali kidogo, na asisimame mtu: wakiona kivuli wanazama wote.