Je, takwimu zinaweza kuthibitisha kwamba demokrasia hukuza uchumi?

Mleta mada: Wadau, mwaka 2019 mwanauchumi Daron Acemoglu na wenzake watatu walichapisha utafiti wa nchi 175, kuanzia 1960 hadi 2010. Walikuta kwamba nchi ikiingia kwenye demokrasia, baada ya miaka 25 pato lake kwa kila mtu huwa juu kwa takriban asilimia 20 kuliko ambavyo lingekuwa. Mimi naukubali. Anayepinga aje na hoja.

Mchangiaji 1: Tawala za kiimla mara nyingi huanguka uchumi ukiwa umeshaporomoka. Ukianza kuhesabu ukiwa shimoni, kila nafuu itaonekana ni matunda ya kura.

Mleta mada: Ndiyo maana waliingiza kwenye mlinganyo pato la miaka 4 iliyotangulia. Nchi iliyogeuka kuwa ya kidemokrasia inapimwa dhidi ya zile ambazo uchumi wake ulishuka vilevile ila utawala haukubadilika.

Mchangiaji 2: Hapo sawa. Ila tazameni athari ya muda mrefu inavyopatikana. Athari ya mwanzo ni kama asilimia 0.8 tu. Unaigawa kwa (1 kutoa kiwango ambacho pato la nyuma linaendelea kubeba la sasa), kiwango hicho ni karibu 0.96. Yaani 0.8 gawanya kwa 0.04, unapata 20. Weka 0.95, inakuwa 16, weka 0.98, inaruka hadi 40! Kwamba athari ipo, nakubali. Ukubwa wake siwezi kuuapia.

Mchangiaji 1: Na ile njia nyingine ya kina Acemoglu, ya mawimbi ya demokrasia ya kikanda, kwamba majirani wakigeuka nawe una uwezekano wa kugeuka, inasimama tu kama wimbi halifikii pato kwa mlango mwingine. Waliingiza pato na biashara ya kanda ili kuuziba. Je, sera za kodi au sarafu zinazoigwa kwa jirani mwaka uleule?

Mchangiaji 3: Angalieni pia utafiti wa wanauchumi Jones na Olken, 2005. Walichukua viongozi 57 waliofia madarakani kwa maradhi au ajali, kwa kuwa kifo cha namna hiyo hakisubiri mdororo. Ukuaji ulibadilika pale alipokufa mtawala wa kiimla, kuwa bora au mbaya zaidi. Kwenye demokrasia mabadiliko hayo hayakuonekana. Hilo halithibitishi asilimia 20, Mleta mada. Linaonyesha kwamba pasipo mihimili ya kumdhibiti mkubwa, uchumi hutegemea nani amekalia kiti.